Wengi wape, hata kwenye utafiti?

SWALI

Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa biashara ya dagaa hapa Igombe, Ilemela, Mwanza. Mwanangu wa kwanza anasoma shahada ya pili, na utafiti wake ni wa furu, vile visamaki ambavyo sisi huku hata kuviuza ni shida. Mdogo wangu wa kike naye ana mtoto mwenye sikoseli, kila mwezi wako kliniki Bugando. Juzi tukiwa msibani, mjomba alisema mbele ya watu kwamba ni dhambi kutumia hela kuhesabu furu wakati watu wanaumwa malaria na kichocho. Akasema serikali ingeweka sheria, utafiti wowote uanze na ule unaowafaa watu wengi zaidi, wengi wape. Mwanangu alinyamaza. Mimi mwenyewe nusu nakubaliana na mjomba, lakini mtoto wa mdogo wangu naye si wa wengi. Wewe unasemaje?

JIBU

Marahaba, dada yangu, na poleni kwa msiba. Nifikishie pole kwa mdogo wako pia. Kuuguza mtoto mwenye selimundu, hiyo hiyo sikoseli, ni kazi ya usiku na mchana.

Hoja ya mjomba siipuuzi. Nimekaa miaka mingi kwenye kamati za kupitia maombi ya utafiti, na najua hasira yake ina mizizi ya kweli. Kati ya mwaka 1975 na 1999 ziliingia sokoni duniani dawa mpya 1,393. Za magonjwa ya nchi za joto pamoja na kifua kikuu zilikuwa 16. Hizo 16 ndizo za kugawana malaria, kichocho, malale, usubi, kifua kikuu na mengine, magonjwa ya mamia ya mamilioni ya watu. Tume moja ya kimataifa ya utafiti wa afya iliyotoa ripoti yake mwaka 1990 ilikuta kwamba katika fedha zote zilizotumika duniani kwa utafiti wa afya mwaka 1986, takribani asilimia 5 tu ndizo zilizogusa matatizo ya nchi zinazoendelea. Kwa hiyo anayesema utafiti umewaruka wengi hasemi uongo. Umewaruka kwa sababu hao wengi hawana hela ya kununua dawa ikishatengenezwa.

Hapo hapo ndipo njia yangu na ya mjomba zinapoachana. Furu hawajawahi kula hela ya malaria. Aliyeamua dawa ya kichocho haina faida ni mwenye kiwanda aliyepiga hesabu ya soko, na ukimnyang'anya mwanao wavu wake wa utafiti, yule mwenye kiwanda habadilishi hesabu yake hata kidogo. Ikiwa mjomba anataka fedha za umma ziwatangulize watu ambao soko limewaacha, niko naye mia kwa mia. Ikiwa anataka kila utafiti usimamishwe mlangoni na kuulizwa "utafaa watu wangapi?", na wenye jibu dogo urudishwe, hapo nampinga. Sababu zangu sizitoi mbali, nazitoa kwenye Ziwa Victoria hili hili.

Mwaka 1957 alikuwepo Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji aliyeitwa Denis Burkitt. Aliitwa kumwona mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Baadaye akaona mwingine, na mwingine. Mwaka uliofuata akaandika habari za saratani hiyo ya watoto. Sasa jiweke kwenye kiti cha mgawa fedha wa wakati ule. Malaria inaua, surua inaua, kuhara kunaua. Anakuja daktari mmoja anataka kufuatilia uvimbe wa taya wa watoto wachache. Kwa kanuni ya mjomba, Burkitt anarudishwa nyumbani.

Hakurudishwa. Mwaka 1961 alizunguka kwa gari na wenzake nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, hospitali kwa hospitali, akionyesha picha na kuuliza, "Watoto wa namna hii mnao?" Aligundua ugonjwa unafuata ukanda wenye joto na mvua, ule ule wa malaria. Mwaka huo huo alitoa mhadhara London, na kati ya waliokaa kumsikiliza alikuwemo Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi walichokiona ndani ya seli hizo. Leo kinaitwa kirusi cha Epstein-Barr, na zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho mwilini. Wewe unacho, mimi ninacho, na mjomba bila shaka anacho. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Habari haikuishia hapo. Katika wanasayansi waliokishughulikia kirusi hicho alikuwemo Mjerumani Harald zur Hausen. Alifanya kazi kwenye vinasaba vya kirusi hicho ndani ya uvimbe wa Burkitt, kisha akajiuliza: ikiwa kirusi kinaweza kuleta saratani ya taya, kwa nini kingine kisilete saratani ya mlango wa kizazi? Wenzake wengi waliamini sababu ni kirusi cha malengelenge. Yeye alishikilia virusi vya papiloma, yaani HPV, na miaka ya 1983 na 1984 maabara yake ikaonyesha aina mbili zake ndani ya saratani hiyo. Chanjo ikaidhinishwa mwaka 2006. Zur Hausen alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008.

Tazama sasa mahali chanjo hiyo iliporudi. Kuanzia mwaka 2017, hapa Mwanza, watafiti waliwaandikisha wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 ili wajue kama dozi moja inaweza kutosha badala ya mbili au tatu. Ng'ambo ya ziwa, Kisumu nayo ilikuwa kati ya vituo vya utafiti mwingine wa dozi moja nchini Kenya. Majibu yalitoka vizuri: wasichana karibu wote waliopata dozi moja walijenga kinga, na kinga ikadumu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali ratiba ya dozi moja, na mwaka 2024 Tanzania ikahamia huko. Kikasha cha chanjo kilichokuwa kinatosha wasichana hamsini sasa kinatosha mia. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa kuua wanawake kwa saratani nchini mwetu, kwa hiyo jambo hili linanigusa sana. Binti yako akichanjwa shuleni Igombe, ndani ya ile sindano imo kazi iliyoanzia kwa watoto wachache wa Kampala.

Kwa hesabu hiyo, mjomba ana haki kwenye nusu ya safari. Utafiti wa dozi moja ulikuwa swali la wengi tangu mwanzo: ujuzi upo, chanjo ipo, je, tutaifikishaje kwa watu wengi kwa bei ndogo? Maswali ya namna hiyo lazima yapimwe kwa idadi ya watu, na ningependa Tanzania iyafanye mengi zaidi kuliko inavyofanya sasa. Lakini mwaka 1957 ujuzi haukuwepo. Hakuna aliyejua wengi watatokea upande gani. Ukidai idadi kabla ya kujua, unawapa kazi watafiti wenye maneno mazuri kwenye maombi yao, na niamini, hao hawapungui.

Na hata kwenye kufikisha, hesabu ya wengi ina upofu wake. Huu umeuona kwa macho yako.

Siku ya dawa ya kichocho shuleni, watoto wanapewa uji kwanza, maana dawa ikikuta tumbo tupu inaleta kichefuchefu. Halafu wanapanga foleni kwenye kipimo cha urefu, ule mti wenye rangi au namba za idadi ya vidonge. Mtoto anasimama wima, mwalimu anasoma: sentimita 94 hadi 110 kidonge kimoja, akizidi hapo kimoja na nusu, na kuendelea hadi vitano kwa mtu mrefu. Vidonge ni vikubwa, ni vichungu, wengine wanavitema. Chini kabisa ya ule mti, chini ya sentimita 94, hapakuandikwa kitu. Mtoto wa hapo hana dawa.

Na mtoto wa hapo ni nani? Ni yule wa miaka miwili au mitatu anayekaa kwenye beseni pembeni ya mama yake anayefua ziwani. Anachotewa maji yale yale, anachezea matope yale yale. Minyoo haimsubiri aanze darasa la kwanza. Waliopanga mpango hawakuwa na ubaya. Walisema wenye minyoo mingi ni wa umri wa shule, na shuleni wanapatikana wote mahali pamoja, kwa hiyo kila shilingi itafikia vichwa vingi. Hesabu ni sahihi. Dawa yenyewe, prazikwanteli, iligunduliwa miaka ya 1970. Ile ya watoto wadogo, inayoyeyuka kwenye maji na isiyo chungu kiasi kile, ilijaribiwa Kenya na Côte d'Ivoire, ikapata maoni mazuri ya wadhibiti wa dawa wa Ulaya Desemba 2023. Karibu nusu karne. Kwa miaka yote hiyo hapakuwa na siku ambayo watoto wa kwenye beseni walikuwa wengi kuliko wa darasani, kwa hiyo zamu yao haikufika. Wavuvi wazima nao walibaki pembeni hivyo hivyo, ingawa wanashinda majini. Mwongozo wa dunia ulipanuliwa mwaka 2022 uanzie miaka miwili na kuwachukua watu wazima pia, na nashukuru, lakini siwezi kusema ulifika mapema.

Sasa mwanao.

Furu wa ziwa hili ni zaidi ya aina 500, na karibu wote hawapatikani popote pengine duniani. Sangara alipandikizwa miaka ya 1950 na 1960. Ilipofika miaka ya 1980 akazaana kupita kiasi na kuwala. Inakadiriwa aina 200 hivi zilitoweka. Tunajuaje? Kwa sababu tangu mwaka 1977 watafiti wa Kiholanzi na Kitanzania walikuwa wakivua na kuchora na kupima furu kwenye Ghuba ya Mwanza, kabla sangara hajatawala. Kilichowaleta kilikuwa jambo la wengi kabisa, kujua furu kiasi gani wavuliwe kwa ajili ya unga wa samaki. Sangara akalifuta lengo hilo kwa miaka michache. Zile kumbukumbu ndizo zilizobaki, na ndizo kipimo tunachotumia hadi leo kujua ziwa limebadilikaje, pamoja na kwa nini dagaa wako wameongezeka.

Mjomba aelezwe pia kwamba wapo furu wanaokula konokono. Mmoja anaitwa kitaalamu *Astatoreochromis alluaudi*, ana taya za pili ndani ya koo, nene kama gego, za kuvunjia maganda. Konokono ndiye anayebeba kichocho kabla hakijamwingia mtu. Watu wakasema, basi tumpande samaki huyu kwenye mabwawa amalize konokono. Wakampeleka hadi Kameruni. Mategemeo hayakutimia. Sababu moja walishaiona wale waliomchunguza kwa udadisi tu: akikulia mahali penye chakula laini, zile taya haziwi nene, anakuwa samaki wa kawaida na konokono anawaacha. Ziwa Nyasa nako, upande wa Malawi, watafiti wamehusisha kuongezeka kwa kichocho ufukweni na kuvuliwa kupita kiasi kwa samaki wala konokono. Kwa hiyo mtu anayekaa Igombe akihesabu nani anakula nini ndani ya ziwa hayuko mbali na kichocho kama mjomba anavyodhani.

Lakini sitaki nimtetee mwanao kwa hilo peke yake. Huenda furu wake hawali konokono. Huenda utafiti wake usimponye mtu yeyote. Bado nasema ufanyike, na ufanyike na sisi. Malaria inachunguzwa London, Geneva, Bangkok, Bamako. Furu wa Ghuba ya Mwanza wasipochunguzwa na watu wa hapa, atawachunguza nani? Mgeni atakuja kwa ruzuku yake, atabeba samaki kwenye madebe ya spiriti, ataondoka nao. Hilo ndilo swali ambalo mimi ninaliweka mbele kuliko idadi ya vichwa ninaposoma maombi ya fedha: jambo hili tukiliacha, yupo mwingine atakayelifanya? Kwa swali hilo kichocho cha watoto wadogo kinapanda juu, selimundu inapanda juu, na furu nao wanapata nafasi yao. Dawa mpya ya presha kwa matajiri inashuka, hata kama wenye presha duniani ni wengi kuliko wote hao.

Mtoto wa mdogo wako umesema si wa wengi. Kwa Kanda ya Ziwa, dada yangu, yeye ni wa wengi. Tanzania ni kati ya nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, na kanda yetu ndiyo inayoongoza nchini. Na hata wangekuwa wachache, maumivu ya mtoto mmoja kwa maisha yake yote hayalingani na mafua ya wiki moja ya watu elfu. Anayehesabu vichwa bila kuangalia uzito wa ugonjwa amehesabu nusu.

Yapo mambo mawili juu yake. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya selimundu ya kurekebisha vinasaba kwa teknolojia ya CRISPR. Mizizi yake ni Mhispania Francisco Mojica, aliyekuwa akichunguza vijidudu vya mabwawa ya chumvi ya Santa Pola mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hakuna mtu aliyekuwa akiumwa kwa sababu ya vijidudu vile. Ni ushindi mkubwa wa udadisi. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa. Hapo hasira ya mjomba inanirudia na mimi, kwa sababu ujuzi umefika na watu wenye ugonjwa hawajafikiwa.

La pili ni la kukufaa leo. Haidroksiyurea ni dawa ya zamani ya vidonge. Madaktari walikuwa na wasiwasi kwamba kwenye nchi zenye malaria ingeweza kuwadhuru watoto. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda na kutolewa mwaka 2019 ukaonyesha kinyume: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, malaria ilipungua, na vifo vilipungua. Mdogo wako aulize kliniki kama mtoto anaitumia, kama bado kwa nini, na kama anapimwa damu mara kwa mara akiwa anaitumia.

Kuna sehemu moja ambayo kanuni ya wengi siipi hata nafasi ndogo. Mwanzoni mwa karne iliyopita malale yaliua watu zaidi ya 200,000 upande wa Uganda wa ziwa hili. Mwaka 1906 Robert Koch, akiwa ametoka kupewa Nobel, alipiga kambi visiwa vya Ssese na kuanza kuwadunga wagonjwa dawa yenye aseniki iitwayo atoksili. Ilipoonekana vimelea vinarudi, akaongeza dozi. Wagonjwa zaidi ya 20 wakapofuka. Hawakuelezwa hatari, hawakuombwa ridhaa kama tunavyoijua leo. Walikuwa wachache waliotumika kwa ajili ya wengi. Kwa Azimio la Helsinki, mwongozo wa madaktari wa dunia juu ya utafiti kwa binadamu uliopitishwa mara ya kwanza mwaka 1964 na kurekebishwa baadaye, taaluma yetu imejifunga kwamba faida ya jamii au ya sayansi haimpiti mtu aliyelala kwenye kitanda cha utafiti. Nikikutana na ombi la fedha lenye harufu ya Ssese nalikataa, hata likiahidi kuokoa kanda nzima.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya ugomvi wa mjomba na mpwa wake. Nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Hatujafika. Tunapowagombanisha mtu wa furu na mtu wa malaria, tunawapa sufuria ya mtu mmoja na kuwauliza nani mwenye njaa zaidi. Waziri akiniuliza nigawe, sehemu kubwa ningeipeleka kwenye maradhi na maisha ya wale ambao soko limewaruka. Sehemu nyingine, ndogo lakini isiyoguswa, ningeiachia maswali ambayo faida yake haijulikani, hasa yale yasiyoweza kufanyiwa kazi mahali pengine isipokuwa hapa.

Na wewe una nafasi yako. Watafiti wakija mwaloni na fomu zao, wewe na kikundi chenu cha usimamizi wa mwalo, BMU, msikubali kusainishwa tu. Waulizeni: dawa hii ikionekana inafaa, Igombe itaipata, na kwa bei gani? Nani ameachwa nje ya utafiti huu, na kwa sababu gani? Majibu mtakuja kutusomea lini, kwa Kiswahili, hapa hapa mwaloni? Asiyeweza kujibu hayo arudi alikotoka akajipange.

Mwanao mwambie asinyamaze tena mbele ya mjomba. Na akishapasua samaki wake, asitupe utumbo kabla hajaandika kama una maganda ya konokono, na ni konokono wa aina gani. Sisi tunaoshughulika na kichocho tunazihitaji hizo kumbukumbu.